Kufunga reli na keria kwenye SUV yenye tabo (turbo): mwongozo kamili kwa mtu wa visiwani

Tone la kwanza liliniangukia gotini. Nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, masika imefungua mabomba yote, na mimi ndani ya Subaru Forester najiona mjanja kwa kuwa nje watu wanavua viatu kuvuka maji. La pili likaangukia redio. Nilipoinua macho nikaiona taa ya ndani ya paa imejaa maji kama kikombe cha kahawa, yanatikisika kila ninapokanyaga breki.

Miezi miwili kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa amenifungia reli za paa. Nilimuuliza kuhusu sili, ile gundi ya kuziba maji, akanijibu huku anafuta mikono: "Sili ya nini, yakhe? Boliti imekazwa hiyo, haipiti hata sindano." Na mimi nikanyamaza, maana nilikuwa na haraka ya kupeleka ubao wa kuteleza majini Paje. Sindano kweli haikupita. Maji yalipita.

Tangu siku ile nimeshafunga reli na keria kwenye gari tatu kwa mikono yangu, na hakuna hata moja inayovuja. Ninayoandika hapa ni kwa mwenye gari la aina hiyo: SUV yenye nguvu, iwe Forester XT, Cayenne, X5 au Range Rover Sport. Gari hizi zinatofautiana na gari la shamba linalobeba makaa, vikapu na baiskeli juu yake. Lile paa lake limejengwa kwa mzigo. La kwako limejengwa liwe jepesi ili gari likamate barabara kwenye kona.

Majina kwanza

Aliyewahi kuona nyumba ya makuti inaezekwa ameshaelewa nusu ya kazi. Makombamoyo yanashuka, pau zinakingama juu yake, halafu ndiyo makuti. Juu ya gari ni hivyo hivyo. Reli ni zile mbili zinazokwenda kwa urefu wa gari, kushoto na kulia. Pau ni vyuma viwili vinavyokingama kutoka reli hadi reli. Keria ni kitanda chenyewe, kikapu au sanduku, kinachokaa juu ya pau. Watu wengi wananunua keria kabla hawajajua watakiegemeza wapi kitanda hicho.

Lijue paa lako

Panda kwenye kigoda utazame paa la gari lako mchana, siyo usiku kwa tochi.

Ukiona reli zimeinuka na mkono unapita chini yake, kazi yako ni ndogo: nunua pau za kubana kwenye reli. Ukiona reli zimelala zimegusana na bati, mkono haupiti, unahitaji miguu ya pau iliyotengenezwa kwa reli za kulala. Ile ya kukumbatia haitashika, hata fundi akikuapia. Ukiona paa tupu lenye ukanda mweusi wa plastiki kwenye mfereji wa kila upande, huenda chini ya ukanda ule kiwanda kimeacha matundu yenye nati tayari, yakisubiri reli. Forester nyingi kutoka Japani zinakuja hivyo, kwa sababu kule reli ni kitu mnunuzi anachochagua na kulipia mbali.

Na kuna paa tupu kabisa, lisilo na nati wala mfereji. Hapo chukua pau zinazobana kwenye kingo za milango na usitoboe. Najua mafundi wanaotoboa paa na kupiga riveti zenye nati, na kwenye Suzuki kuukuu sina ugomvi nao. Lakini Range Rover Sport ya kuanzia 2013, kwa mfano, ina bodi ya alumini. Ukipiga riveti ya chuma kwenye alumini, na gari linalala hatua chache kutoka baharini, unapanda kutu kwa mkono wako mwenyewe. Isitoshe, kwenye ukingo wa paa, juu ya milango, SUV nyingi za kisasa zimeficha mifuko ya hewa ya pazia, ile inayofumuka gari likigongwa ubavuni. Keke ya drili haijui ulipo mfuko.

Paa la kioo lina sharti moja la ziada: uzito wote uende kwenye reli, kioo kisiguswe na chochote. Kabla ya kununua, fungua sanrufu iinuke kwa nyuma, upime imeinuka kiasi gani. Kama upau utakuwa chini ya hapo, siku moja utabonyeza kitufe kwa mazoea na kioo kitakwenda kuugonga.

Hesabu ya kilo

Kitabu cha gari kina namba ya mzigo wa paa. Kwa SUV nyingi za aina hii utakuta kati ya kilo 75 na 100, nyengine chini ya hapo. Pau nazo zina namba yake, keria nayo ina yake. Unashika namba iliyo ndogo kuliko zote, na ndani ya namba hiyo unatoa uzito wa pau na keria zenyewe. Hapa ndipo watu wanapojidanganya.

Chukua keria ya kuchomelewa mtaani. Bomba la mraba la milimita 25, lenye unene wa milimita 1.5, lina uzito wa kilo 1.1 hivi kwa kila mita. Keria ya kawaida inakula mita 20, maana yake kilo 22 kabla hujapaka rangi. Ongeza pau kilo 6. Kama paa lako linaruhusu kilo 75, umebakiwa na 47, na gunia la mchele la kilo 50 limeshapita kiasi. Keria ya bomba la alumini la kipimo hicho hicho ingekuwa na theluthi ya uzito huo. Ndiyo maana mimi sichomelei keria kwa gari la namna hii, ingawa mchomeleaji wangu ni jirani na bei yake ni ya kijirani.

Namba ya kitabuni ni ya gari likiwa mwendoni. Likisimama, paa linastahimili zaidi mara kadhaa, ndiyo maana watu wanalala kwenye mahema ya juu ya gari bila paa kubonyea. Lakini hema lenyewe bado lazima liingie kwenye ile namba ndogo wakati wa safari.

Halafu kuna tabia ya gari. Forester XT iliyotoka mwishoni mwa 2012, ile ya soko la Japani, ina injini ya lita 2 yenye farasi 280. Farasi hao hawajui kwamba juu kuna kilo 60. Kituo cha uzito kimepanda, breki inachelewa, na kwenye kona gari linainama kuliko ulivyolizoea. Tofauti utaihisi mwanzo kwenye matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa msituni: gari tupu linashuka tuta na kutulia, lenye mzigo juu linashuka, linayumba kushoto, linayumba kulia, ndipo linatulia.

Vifaa

Spana za soketi, ufunguo wa pembe sita, bisibisi bapa na kabari ya plastiki (kijiko kigumu cha plastiki kinatosha). Mkanda wa karatasi wa wapaka rangi. Spiriti ya kusafishia na kitambaa safi. Msasa laini, praima ya kuzuia kutu na rangi ya gari lako. Grisi ya vyombo vya baharini. Washa za nailoni (zile pete bapa za kuweka chini ya boliti). Futi kamba. Spana ya kupimia mkazo. Kama huna, azima, kwa sababu boliti za paa ni ndogo na mkono uliozoea nati za matairi utazikata.

Na sili. Usichukue silikoni ya madirishani inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, na asidi hiyo inakula chuma chini ya sili yenyewe, wewe juu unaona kila kitu kizuri. Chukua ya poliurethani, kama wanayobandikia vioo vya mbele vya magari. Ni nyeusi, inang'ang'ania mikononi siku mbili, vaa glovu.

Kufunga reli kwenye paa lenye matundu ya kiwanda

Chagua siku kavu, na eneo lenye kivuli lisilo chini ya muembe. Kaskazi ya Januari ni nzuri kwa kazi hii. Kwenye kusi, upepo unakuletea chumvi na mchanga juu ya sili mbichi.

Osha paa kwa sabuni, suuza, kausha. Bandika mkanda wa karatasi pande zote mbili za mfereji, kwa urefu wote, ili bisibisi ikiteleza ikwaruze karatasi na siyo rangi. Anza kuung'oa ukanda wa plastiki kutoka nyuma, kwa kabari, kidogo kidogo. Usiuvute kwa hasira. Vishikizo vyake vimekaushwa na jua na vikikatika utavitafuta sana.

Chini yake utakuta uchafu wa miaka. Kwenye gari ya tatu niliyofanya, ya mdogo wangu, tulikuta mchanga mweupe kabisa wa pwani umejaza mfereji kama umemiminwa kwa kijiko, na ndani yake chungu wamejenga. Toa vyote. Matundu ya nati utayaona yamefunikwa kwa stika au vizibo vya mpira. Vitoe, kisha ingiza kila boliti kwa vidole tu, bila spana, hadi mwisho, na uitoe. Boliti iingie kwa vidole. Inayogoma usiilazimishe: nati ina kutu au rangi ya kiwandani. Dondosha mafuta ya kulegeza kutu, subiri, ingiza nusu mzunguko, rudisha robo, endelea. Ukilazimisha, ile nati itang'oka ilikobanwa na kuanza kuzunguka ndani ya paa, na kuifikia ni lazima ushushe kitambaa chote cha dari. Ilinitokea kwenye Forester yangu, tundu la nyuma kulia. Robo saa ya subira ingeniepusha na siku nzima ya kulala chali ndani ya gari.

Ikikulazimu kushusha dari, zima gari, chomoa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika 10 kabla ya kugusa nguzo za pembeni, kwa sababu ya ile mifuko ya hewa. Usichomoe plagi za njano za mifuko hiyo.

Ukiona kutu kuzunguka tundu, msasa hadi bati ling'ae, praima, rangi, kisha uliache mpaka kesho yake. Najua hakuna apendaye hatua hii.

Sasa weka reli kwa majaribio bila sili, boliti zote zikiwa legevu. Piga futi kamba kutoka reli hadi reli, mbele na nyuma. Tofauti ya milimita 2 au 3 ni sawa. Zaidi ya hapo, reli ya kushoto imewekwa kulia. Usicheke. Zinafanana sana, na herufi za alama ziko upande wa chini.

Zitoe. Futa kila mahali reli itakapokaa kwa spiriti, acha pakauke. Zungushia sili kila tundu, duara kamili lisilo na pengo, unene wa kamba ya kiatu. Paka sili kidogo kwenye shingo ya boliti pia, chini ya kichwa chake. Kwenye meno ya boliti paka grisi. Weka washa ya nailoni pale chuma cha pua kinapokutana na alumini. Laza reli mara moja tu, bila kuiburuza. Anza boliti ya katikati kwa vidole, kisha za mwisho, kisha kaza kwa zamu, kila moja kidogo, mpaka ufikie mkazo ulioandikwa kwenye karatasi ya reli. Boliti ya milimita 6 kwa kawaida haivuki niutoni-mita 10, yaani nguvu ya kiganja, siyo ya bega. Sili ikikamuka pembeni sawasawa pande zote, umefanya vizuri. Ikikamuka upande mmoja tu, toa, safisha, rudia.

Gari lisiguswe na maji kwa saa 24. Baada ya hapo fungua mpira wa maji juu ya kila boliti kwa dakika 10, na mtu mwengine akae ndani na tochi. Mimi humweka mtoto wa jirani. Macho yake ni makali na hachoki kutafuta tone.

Pau na keria

Pau mbili zikae mbali kadiri reli zinavyoruhusu. Sentimita 70 hivi ni umbali mzuri, na chini ya 60 mzigo mrefu unaanza kucheza. Pima kutoka ukingo wa kioo cha mbele kwa pande zote mbili ili upau usikae mshazari. Kaza miguu kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo. Kisha shika upau katikati kwa mikono miwili ulitikise gari. Gari litikisike, upau usisogee.

Kabla hujafunga keria, fungua mlango wa nyuma mpaka mwisho. SUV za mwendo zina bawa kubwa juu ya mlango huo, na likipanda huenda likakuta sehemu ya nyuma ya keria. Mlango wa umeme ni hatari zaidi, kwa sababu mota inasukuma yenyewe. Angalia pia antena ile ya pezi la papa. Sogeza keria mbele mpaka vyote viwe huru, kisha kaza vibano vyake kwenye pau. Nati zinazojifunga zenyewe, zile zenye nailoni ndani, ndizo zinazostahili hapa. Nati za kawaida zitalegea kwenye barabara ya vumbi ya kwanza.

Ukisikia mluzi ukifika kilomita 70 kwa saa, ziba mfereji wa juu wa upau kwa ukanda wake wa mpira. Upau wa mraba unavuma wenyewe. Zungushia kamba nyembamba kama nyoka juu ya mti, mizunguko mitano au sita, upepo unakatika na mvumo unaisha. Pau zenye umbo la bawa hazina tabu hiyo.

Kupakia

Chombo kizito kikae katikati na chini. Kifunge kwenye pau, siyo kwenye keria peke yake, kwa mikanda miwili yenye kibano, kila mmoja uzungushwe mara moja kabla ya kubanwa ili usipepee. Mkanda wa racheti, ule wa kukazwa kwa mkono wa chuma, una nguvu kuliko unavyodhani. Ubao wa maji utapasuka mkononi mwako.

Kitu kirefu kinataka pia kamba ya mbele na ya nyuma. Hapa wenye Forester za zamani waangalie sana: ile midomo ya hewa juu ya boneti, kwenye XT za kabla ya 2012, inapooza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini. Kamba isipite juu yake, wala turubai lisianguke likaiziba. Funga vitanzi viwili chini ya boneti, kimoja kila upande, kwa boliti za bodi, na kamba ishukie huko.

Godoro nalo, jepesi lakini ni tanga. Upepo wa kilomita 80 kwa saa unasukuma kiasi cha kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Godoro la futi 4 kwa 6 lina mita za mraba zaidi ya 2. Likishanyanyua pua likasimama mbele ya upepo, ni zaidi ya kilo 60 zinazolisukuma litoke juu ya gari, na kijana aliyekaa dirishani akilishika kwa mkono hatalizuia. Lifunge mbele kwanza. Mabati je? Mpe mwenye keri, kile kigari kidogo cha mizigo.

Chumvi

Ukitoka Paje, Jambiani au Nungwi, mimina maji matamu juu ya reli na pau jioni ile ile, siyo Ijumaa ijayo. Kila baada ya miezi mitatu fungua boliti za pau, futa, paka grisi, rudisha. Za reli usizifungue, zina sili. Ukiona unga mweupe unatoka pale chuma kinapogusa alumini, washa yako ya nailoni imepasuka au hukuiweka. Kwa walio Pemba wanaopita msitu wa Ngezi, matawi huvunja vizibo vya plastiki vya ncha za pau. Vinunue viwili vya akiba, bila hivyo maji yanaingia ndani ya upau na kukaa humo.

Safari ya kwanza iwe tupu na iwe ndefu kidogo: mjini hadi Paje, kilomita 50 hivi, inatosha. Ukifika, kabla ya kushuka ufukweni, toa ufunguo wa pembe sita na ukaze miguu ya pau tena. Utashangaa mmoja umelegea; mara nyingi huwa ni wa nyuma kushoto, sijui kwa nini.